Bibi, ndege za kivita na ufukwe wa North Avenue: kisa cha familia moja ya Chicago

Familia ni ya watu saba: baba, mama, watoto wanne na bibi mzaa baba. Wanaishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa Chicago, mtaa ambao siku hizi hukosi kusikia Kiswahili ukisimama kidogo kwenye kituo cha basi. Asili yao ni Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Baba na mama wamekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na hapo ndipo walipooana. Bibi aliingia kambini akiwa tayari mtu mzima, na ana mengi aliyoyaona kabla ya kuvuka Ziwa Tanganyika. Watoto ni binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 9, msichana wa miaka 5, na kitinda mimba wa miezi minane. Mimi nimeingia katika kisa hiki kwa sababu kanisani kwetu nasaidia familia zilizofika karibuni katika mambo ya shule, hospitali na usafiri, na baba wa familia hii huniita kaka.

Walichotaka ni siku moja tu ya kutoka pamoja. Mvulana wa miaka 9 anapenda ndege kuliko chochote, na rafiki yake wa darasani alikuwa amemsimulia onyesho la kila Agosti kando ya ziwa. Baba anafanya kazi ghalani kwa zamu za usiku, na Jumamosi ile alikuwa na mapumziko. Mpango wao wa kwanza ulikuwa hivi: wote saba waingie kwenye gari, wafike North Avenue Beach asubuhi, watandike mkeka mahali pamoja, wakae hadi mwisho, kisha warudi. Ukiusikia haraka hauna tatizo. Mimi niliuona una matatizo matatu, na kubwa kuliko yote sikulijua hadi ilipofika Ijumaa.

Onyesho lenyewe

Chicago Air and Water Show hufanyika wikendi moja ya Agosti, Jumamosi na Jumapili, juu ya Ziwa Michigan. Kwa kawaida huanza kama saa nne asubuhi na kuisha kama saa nane mchana. Hakuna tiketi: ufukwe ni wa umma na kutazama ni bure. Lilianza mwaka 1959 kama sherehe ya watoto wa kambi ya mchana ya idara ya bustani za jiji, kwa bajeti ya dola 88, likiwa na michezo ya majini na zoezi la uokoaji la walinzi wa pwani. Mwaka uliofuata zikaja ndege za jeshi na wanajeshi wa miavuli, na tangu hapo likakua hadi maofisa wa jiji wakawahi kutaja watazamaji milioni mbili kwa siku mbili. Kwangu chanzo hicho kina maana, kwa sababu ni jambo lililobuniwa kwa ajili ya watoto, na kwa mtoto mwenye mapenzi ya ndege sijui kama kuna zawadi kubwa zaidi ya bure katika jiji hili.

Kitovu ni ufukwe wa North Avenue, lakini eneo zima linaanzia barabara ya Fullerton kaskazini hadi Oak Street kusini. Namba za mitaa ya Chicago husaidia sana kupanga safari, na ni vizuri kila mgeni azijue: kila namba 800 ni maili moja, yaani kama kilomita 1.6. Fullerton ni 2400 kaskazini, North Avenue ni 1600, Oak Street ni 1000. Kwa hiyo kutoka ncha moja ya eneo hadi nyingine ni karibu kilomita 2.8. Montrose, ambayo itatokea tena katika kisa hiki, ni 4400, yaani kama kilomita 5.6 kaskazini mwa North Avenue. Baba alipopata hesabu hiyo alichukua kalamu akaanza kupima umbali wa kila mahali alipowahi kwenda.

Ratiba hupangwa hivi: wanajeshi wa miavuli mara nyingi hufungua, kisha huja marubani wa kiraia wenye ndege za panga boi zinazopinduka na kutoa moshi, helikopta ya walinzi wa pwani ikionyesha namna ya kumtoa mtu majini, ndege moja moja za jeshi, na mwishoni timu kubwa. Timu hiyo huwa Blue Angels wa jeshi la majini, walioanzishwa 1946, au Thunderbirds wa jeshi la anga, walioanza 1953. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Blue Angels, ndege sita aina ya F/A-18. Haziruki kutoka ufukweni. Huondoka uwanja wa ndege wa Gary, katika jimbo jirani la Indiana, na ndani ya dakika chache zimeshafika.

Tatizo la kwanza: gari

Hili nilimaliza na baba kwa simu. Siku ya onyesho barabara za karibu na ziwa hufungwa au kujaa, maegesho ni ghali, na baada ya ndege ya mwisho gari linaweza kusimama mahali pamoja muda mrefu huku mtoto mchanga akilia kwa joto. Treni ya Red Line inapita Rogers Park na kushuka moja kwa moja hadi Clark/Division, na kutoka hapo ni kama kilomita moja kwa miguu hadi ziwani, ukipitia njia ya chini ya barabara kuu. Watoto chini ya miaka 7 hawalipi, na wa miaka 7 hadi 11 hulipa nauli iliyopunguzwa.

Jambo la kuangalia ni lifti. Bibi ana magoti mabaya, na mama ana kigari cha mtoto. Kituo kilicho karibu na nyumba yao ni Morse, ambacho kina ngazi tu. Loyola na Howard vina lifti. Clark/Division kina lifti. North/Clybourn, ambacho kwenye ramani kinaonekana kuwa jibu sahihi kwa sababu ya jina lake, ni cha ngazi. Familia yenye mzee na mtoto mchanga ikipanga safari bila kuuliza habari za lifti, itazijua ngazi siku hiyo hiyo, ikiwa na kapu la chakula mkononi.

Tatizo la pili: jua, maji na chakula

Ufukwe wa North Avenue hauna kivuli. Unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi yote watazamaji wanatazama upande wa jua, na maji yanalirudisha jua usoni. Kwa saa za Chicago wakati wa kiangazi, jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro mchana, na ndipo macho yanapata nafuu kidogo. Kofia zenye ukingo mpana kwa kila mtu, mafuta ya kuzuia jua hata kwa ngozi nyeusi, na maji mengi kuliko mtu anavyodhani. Mifuko hukaguliwa mlangoni, pombe hairuhusiwi, majiko ya mkaa na mahema hayaruhusiwi ufukweni, na droni hairuhusiwi hata kidogo, kwa sababu anga lote hufungwa kwa ndege nyingine.

Mama alitaka kupika wali na nyama. Nilimwomba afikirie tena. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Akabadilisha: chapati, maandazi, ndizi za kukaanga, matunda, na kuku aliyewekwa kwenye boksi lenye barafu. Mama huyu anajua kulisha watu wengi kwa kidogo, nami sikuwa na la kuongeza.

Kuhusu kuogelea nilisema jambo moja. Watoto waliokulia kando ya maziwa ya kwetu huliona Ziwa Michigan kama ziwa la kawaida. Lina mawimbi na mikondo inayovuta mtu kutoka ufukweni, na bendera za rangi zinazopandishwa na waokoaji ndizo za kufuata: kijani, njano, nyekundu. Waokoaji wapo kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Mahali pasipo na mwokoaji, mtoto haingii maji.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo kisa chenyewe

Ijumaa kabla ya onyesho timu hufanya mazoezi kamili juu ya ziwa, na ndege zinapogeuka hupita juu ya mitaa. Mchana huo mama alinipigia simu. Ndege zilipita upande wa Rogers Park, si chini sana, lakini kwa mngurumo ule unaotikisa vioo. Bibi alikuwa jikoni. Alimchukua kitinda mimba, akaenda kukaa naye kwenye korido isiyo na dirisha, akamwita na yule wa miaka 5. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa tu. Mama alipomwambia ni ndege za maonyesho, bibi alijibu kwamba anajua, lakini hakutoka hadi kukawa kimya muda mrefu.

Wahenga wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa Fizi na Uvira walioukimbia moto wa vita kuanzia 1996 hawahitaji kuelezwa. Mimi sikumuuliza bibi aliona nini, na ninashauri mtu yeyote anayesaidia familia kama hii asiulize. Kilichohitaji kujulikana kilikuwa kimeshaonekana koridoni.

Hapo mpango wa familia uligongana na adabu ya familia. Baba alisema, "Kaka, nikimwacha mama nyumbani peke yake siku tunayokwenda kufurahi, nitamwambia nini? Watu watasema nini?" Hilo si jambo dogo na sikulichukulia kuwa dogo. Kwetu mzee hutangulizwa. Kumwacha nyuma siku ya furaha kunasomeka kama kumtupa. Upande wa pili, kumketisha bibi mita mia chache kutoka kwenye ndege sita za kivita kwa heshima tu ni kumtesa kwa heshima.

Nilimweleza baba kwa nini ufukwe wa North Avenue ungekuwa mgumu zaidi kwa bibi kuliko ile korido. Sheria za anga za Marekani zinataka ndege za kivita zenye kasi kubwa zikae angalau futi 1,500 kutoka kwa watazamaji, yaani kama mita 457. Huo ndio umbali wa usalama wa mwili. Kwa sikio ni karibu sana. Na katika onyesho la Blue Angels kuna pigo moja linalopangwa makusudi: watazamaji wanatazama ndege nne zilizoshikana upande mmoja, halafu ndege ya peke yake inatokea upande wasiotazama, chini sana, kwa kasi ya kama kilomita 1,100 kwa saa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na ndege hiyo inakwenda zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Maana yake mlio wake unatangulia kwa nafasi ndogo mno, na husikii kitu mpaka imeshafika. Kwa mvulana wa miaka 9 hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa mtu aliyejifunza kwamba ndege isiyosikika kabla ya kufika ni kifo, sioni namna ya kumwandaa.

Baba alinyamaza, kisha akauliza kama vizibo vya masikio vingetosha. Kwa masikio, ndiyo, vinasaidia. Kwa woga, havigusi.

Kuhusu masikio ya watoto

Nikae hapa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wazazi wengi wanalipita. Kiwango kinachopendekezwa kulinda wafanyakazi Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda salama unapungua nusu. Ukifika 100, muda uliobaki ni dakika 15. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linashauri wasipigwe kabisa na kishindo kinachozidi desibeli 120, na ndege ya kivita ikipita karibu inaweza kufika huko. Sikio likishaharibiwa na kelele halirudi.

Pamba haizuii chochote cha maana. Mtoto mchanga anahitaji vifunika masikio vya saizi yake, vile vyenye mkanda laini wa kuzunguka kichwa, na vivaliwe nyumbani siku kadhaa kabla ili asivivue siku yenyewe. Mtoto wa miaka 5 naye avae vya kufunika sikio lote. Wakubwa wanaweza kutumia vizibo vya sifongo, lakini lazima vizungushwe vidogo, viingizwe ndani na kushikiliwa hadi vitanuke. Kizibo kinachoning'inia nje ya sikio ni pambo tu. Familia hii ilinunua vifunika viwili na pakiti ya vizibo, na hiyo ndiyo gharama pekee ya siku nzima niliyosema isikwepwe.

Bibi aulizwe

Nilichomwomba baba ni kimoja: asimwamulie mama yake. Aende akae naye, amweleze siku ilivyo, nini kitapita na saa ngapi, kisha amuulize anataka nini. Alifanya hivyo Ijumaa jioni kabla ya chakula. Mimi sikuwepo, na nilifurahi kwamba sikuwepo, maana hayo ni mazungumzo ya mama na mwanawe.

Jibu la bibi liliwashangaza wote. Alisema anataka kwenda. Anataka kuiona furaha ya mjukuu wake. Ila hataki kitu kimtokee nyuma. Akasema kama angeweza kuziona zinakuja, angekaa.

Hapo ndipo tulipopata ufunguo wa siku. Wataalamu wanaofanya kazi na watu waliopitia vita husema karibu hivyo hivyo: kinachovunja moyo zaidi ni kushtukizwa, na mtu akijua kitakachokuja, wakati wake, na njia ya kuondoka, hubeba mengi. Bibi alikuwa ameshalisema kwa maneno yake.

Kwa hiyo tulitafuta mahali ambapo jicho linatangulia sikio. Montrose ilikuwa jibu. Umbali wa kilomita 5.6 hupunguza kelele kwa zaidi ya desibeli 20 ukilinganisha na mita 457 za kule mbele, kwa sababu kila umbali ukiongezeka mara mbili kelele hushuka kama desibeli sita. Lakini la muhimu zaidi kwa bibi ni muda. Sauti inachukua sekunde kama 16 kufika Montrose kutoka North Avenue. Unaiona ndege ikipanda, unaiona ikigeuka, unahesabu, ndipo mngurumo unafika ukiwa umechoka. Hakuna cha kukushtua kama unatazama kusini. Nilimwambia baba wazi kwamba si uhakika wa asilimia mia: ndege zinapozunguka kurudi zinaweza kufika mbali zaidi kaskazini na kupita karibu. Bibi aliambiwa hilo pia.

Montrose ina faida nyingine ambazo kwa familia yenye mtoto mchanga ni kubwa. Kuna nyasi na miti, kuna vyoo, kuna nafasi ya kutandika mkeka bila kumkanyaga mtu, na kituo cha Wilson, kilichojengwa upya miaka ya 2010, kina lifti. Ingekuwa familia isiyo na kijana mpenda ndege, ningewaambia wote saba wakae Montrose na wasisogee.

Lakini kijana yupo, na yeye ndiye aliyeanzisha safari. Ndege zinapokutana uso kwa uso na kupishana, zinapishana mbele ya North Avenue. Kumwambia mtoto atazame hayo kutoka kilomita tano na nusu ni kumpa siku ya mtu mwingine. Tukagawa familia. Baba, binti wa 13 na mvulana waende North Avenue asubuhi. Mama, bibi, wa miaka 5 na kitinda mimba waende Montrose saa wanayotaka. Chakula kiwe Montrose, na wote wale pamoja baada ya onyesho.

Mama ndiye aliyeshika moyo wa mpango huo. Alisema siku ya familia ni ile mnayokula pamoja, na kwamba saa za kutazama angani kila mtu anatazama kivyake hata mkikaa mkeka mmoja. Sikuwa nimelifikiria hivyo, na nadhani ana haki.

Siku yenyewe

Baba na watoto wawili walifika mapema, saa tatu hivi, kabla ya msongamano. Walipita chini ya ile barabara kuu ya kando ya ziwa, ambayo tangu 2021 ina jina la Jean Baptiste Point DuSable, mtu mweusi anayeaminika kuzaliwa Haiti, na ambaye ndiye mkazi wa kwanza wa kudumu wa mahali hapa asiyekuwa mwenyeji wa asili. Binti alimweleza baba habari hizo, maana amezisoma shuleni. Wazazi wa kwetu wanafaa kulijua jina hilo.

Walikubaliana mahali pa kukutana endapo mtu angepotea: kibanda cha saruji cha mchezo wa chesi, kusini kidogo ya lile jengo la ufukweni lililojengwa kwa umbo la meli. Namba ya simu ya baba iliandikwa kwa kalamu ya wino mkononi mwa mvulana, na ya mama chini yake. Simu hukwama pale watu wengi wanapokusanyika, kwa hiyo walikubaliana pia saa: ikifika saa tisa na nusu bila mawasiliano, baba na watoto waende moja kwa moja Montrose.

Wingu lilikuwa kidogo na la juu, jambo zuri, kwa sababu wingu likiwa chini timu huacha mizunguko mirefu ya kupanda na kufanya mapito ya chini peke yake. Kungekuwa na radi, onyesho lingesimama, na wao wangetakiwa kuingia kwenye jengo na kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Haikutokea.

Mvulana alisimama saa nzima ya mwisho bila kukaa. Binti alichoshwa na jua kabla ya saa sita, na baba alimruhusu aende nyuma kwenye kivuli cha jengo, mahali anapomwona. Hilo nalo lilikuwa limepangwa, kwamba asiyetaka tena asilazimishwe. Ilipotokea ile ndege ya kutoka nyuma, baba aliniambia baadaye, na yeye moyo ulimruka. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka mmoja kabla ya familia yao kukimbia, hakumbuki kitu, na bado ulimruka.

Montrose kulikuwa kwingine kabisa. Mama alimketisha bibi kwenye kiti cha kukunja, mgongo ukiegemea mti, uso kusini. Mgongo kwenye mti lilikuwa wazo la bibi. Ndege za mapanga boi hazikumsumbua hata kidogo, na wale wa miavuli hakuwaona vizuri kwa umbali. Blue Angels walipoanza, mama alipokea ujumbe kutoka kwa baba na kumwambia bibi, "Sasa mama, ndio hao." Bibi alimpakata kitinda mimba mwenye vifunika masikio vyake na kutazama. Mara moja ndege mbili zilikuja kaskazini kuliko zingine, zikageuka karibu, na bibi alisimama. Mama akamwambia wanaweza kuondoka, kituo kiko wapi anakijua. Bibi akasema ngoja. Akabaki amesimama, ameshika mti, hadi zikarudi kusini, kisha akakaa.

Sitaki mtu asome hapo kwamba bibi amepona. Hakuna aliyepona kwa sababu ya onyesho. Usiku ule hakulala vizuri, mama aliniambia. Ninachosema ni kwamba alikwenda kwa kupenda kwake, alikaa kwa kupenda kwake, na njia ya kuondoka ilikuwa wazi muda wote.

Kilichochelewesha siku ni kutoka North Avenue. Watu wote huondoka kwa pamoja, na kutoka mchangani hadi Wilson kuliwachukua baba na watoto karibu saa mbili. Ushauri wangu ulikuwa wakae upande wa Fullerton, ambako umati ni mwembamba na kituo cha Fullerton kina lifti na treni nyingi zaidi. Baba alichagua katikati kwa ajili ya mwanawe, nami naelewa. Familia nyingine isiyo na sababu hiyo ingekaa Fullerton. Na ambaye mwajiri wake anampa Ijumaa, aende Ijumaa: mazoezi yana ndege zilezile, na ufukwe una nafasi.

Walikula saa kumi. Kuku alikuwa bado baridi.

Jumapili

Kitu kimoja hakikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote, na ndicho kilichonifanya niandike. Onyesho hurudiwa Jumapili, saa zilezile. Jumapili saa nne hadi saa nane ndio muda wetu wa ibada. Nilipokuwa nikimwazia bibi mmoja kwenye kiti chake cha Montrose, nikakumbuka ni akina bibi na akina baba wangapi watakuwa wameketi kanisani kesho yake, hawana habari yoyote ya ratiba, madirisha yakiwa wazi kwa joto la Agosti.

Nilimpigia mchungaji Jumamosi usiku. Alisema atatangaza kabla ya nyimbo za kwanza. Alitangaza kwa Kiswahili, akaomba lirudiwe kwa Kibembe, kwa Kinyamulenge na kwa Kirundi: leo hadi saa nane mchana ndege za maonyesho zitapita, zitapiga kelele, zinatoka Gary na zinarudi Gary, na mtu anayetaka kukaa chumba cha chini wakati huo kuna viti na chai. Watu kadhaa walishuka. Bibi wa familia hii alishuka nao, akakaa karibu na mama mmoja aliyefika Marekani mwaka huo, na kila ndege ilipopita ndiye aliyemwambia imebaki mara ngapi.